Wenye nyumba, tupeni notisi ya kutosha tuhamishe samaki

Kwa Mhariri,

Naomba muichape hii barua ili wenye nyumba wa hapa Nairobi waisome. Mwezi wa saba tulitumiwa meseji WhatsApp Alhamisi jioni, ati Jumatatu asubuhi mafundi wanaingia kung'oa vigae vya sebule na kupaka rangi upya. Na hapo sebuleni ndipo niko na tangi la samaki wa baharini, lita 200, pamoja na matumbawe, wale viumbe wa baharini wanaoota kama mawe, niliyoyalea miaka sita tangu yakiwa vipande vya kutoshana na kidole gumba.

Nilimpigia mwenye nyumba akaniambia, kwa upole tu, si ulisukume kando. Simlaumu, wengi hawajui. Maji peke yake ni zaidi ya kilo 200, hapo hujahesabu mawe na kioo, na ukiliinua likiwa na maji gundi ya kona inaweza kuachia, kwa hivyo lazima utoe kila kitu. Halafu zile bakteria zinazomaliza uchafu wa samaki haziko sana kwa maji, ziko kwa mawe na mchanga, sasa mawe yakikauka au yakikaa kwa ndoo bila pampu ya kuzungusha maji zinakufa, amonia inapanda, na samaki wanaweza kuisha usiku mmoja ukiwa umelala.

Ndugu yangu wa Umoja alinipa kona ya chumba chake. Nikanunua mapipa mapya ya plastiki, nikayajaza maji yaleyale ya tangi, samaki nikawaweka kwa pipa lao na matumbawe kwa ndoo zake maana yakishtuka hutoa ute unaochafua maji. Mpaka hapo sawa. Kilichoniponza ni mchanga. Mchanga wa miaka sita huko chini unashika gesi ya kunuka kama mayai viza, ukiuchokora inatoka, na mimi kwa ile haraka nikauchota wote nikaumwaga ndani ya pipa la samaki, juu sikuwa na maji mengine. Maji mapya ya chumvi yanataka uchukue maji yaliyochujwa vizuri, utie chumvi ya bahari karibu gramu 35 kwa kila lita, halafu yazungushwe na pampu kama siku nzima ndio utie kiumbe. Siku nzima ningeitoa wapi? Kufika Umoja samaki watatu walikuwa wanahema juu ya maji, kufika asubuhi wawili wamekufa. Mmoja nilikuwa naye tangu mwanzo.

Usiku wa pili stima ikapotea saa tatu. Matumbawe yanataka nyuzi 24 hadi 27 hivi, na usiku wa Julai hapa Nairobi baridi inaweza kushuka hadi nyuzi 10 au 11. Tulifunika mapipa na blanketi zote za nyumba hiyo, watoto wakalala na masweta, nikakesha na pampu ndogo ya betri hadi saa nane stima iliporudi. Mtu akidhani nyuzi mbili tatu si kitu aulize watu wa Pwani kuhusu 1998, bahari ilipopata joto kuliko kawaida na matumbawe mengi yakapauka na kufa.

Kitu kingine cha hatari. Fundi mmoja, kijana mzuri kabisa, alitaka kunisaidia kuosha mawe na maji moto nikamzuia mbio. Kwa hayo mawe huwa kuna viumbe vidogo kama vifungo vya shati, na baadhi yao wana sumu kali sana, ukiwachemsha mvuke wake unaweza kulaza mtu hospitali. Yeye angejuaje, na mimi ningemweleza saa ngapi na kila mtu anakimbizana?

Ninachoomba ni wiki mbili za notisi, tuambiwe chumba gani kinaanza, na siku gani stima itazimwa. Vumbi la simiti la grainda na harufu ya rangi mbichi vinaingia kwa maji kupitia pampu ya hewa ya tangi, ndio maana hata kazi ikiisha tangi halirudi siku hiyo, mimi nilingoja mpaka rangi ikauke kabisa na madirisha yakae wazi siku kadhaa.

Tangi lilirudi mwezi wa tisa. Lile tumbawe la zambarau lilikuwa limejikunja kabisa, wiki jana ndio limeanza kufunguka tena. Mwenye nyumba amesema mwaka ujao ni zamu ya dari, nimemwomba tarehe kamili na bado nangoja jibu.

Mpangaji,
South B, Nairobi