Mwanangu, nioneshe daftari

Mwanangu,

Hapa nyumbani hatujambo. Mguu wa mama yako una nafuu, sasa anafika sokoni bila fimbo.

Uliponipigia kusema umeunguza akaunti yako ya kununua na kuuza mtandaoni, pesa yote ikaisha, sikukasirika. Pesa ilikuwa yako, na biashara ina hasara zake. Kilichoninyima usingizi ni lile ulilolisema huku ukicheka: kwamba uliweka stoplosi, ile bei ya kukutoa sokoni hasara isizidi, bei ikaikaribia, ukaisogeza. Ikaikaribia tena, ukaisogeza tena. Mara ya tatu ukaifuta.

Ugonjwa huo naujua. Ulipokuwa mdogo nilinunua mahindi ya mavuno nikiwa na sharti: bei ikishuka shilingi elfu tano kwa gunia, nauza. Ikashuka. Nikasema ningoje wiki moja tu. Kisha nikaongeza magunia mengine, eti nisawazishe bei ya kununulia. Siku nilipofungua ghala, dumuzi walikuwa wameshageuza nusu kuwa unga. Yaliyobaki nikawauzia wafuga kuku. Mama yako alikuja kujua baada ya miezi minne, na hadi leo kesi hiyo haijafungwa.

Hata wenye tai yamewakuta. Nick Leeson, kijana wa Kiingereza aliyefanya kazi Singapore katika benki ya Barings, alificha hasara ndani ya akaunti namba 88888. Ikikua, naye anaongeza dau ili aikomboe. Januari 1995 tetemeko likapiga Kobe, hisa za Japani zikaanguka, yeye akazidi kununua. Benki iliyoanzishwa mwaka 1762 ikafa kwa hasara ya pauni milioni 827, ikauzwa kwa pauni 1.

Sasa shika kalamu. Ukihatarisha asilimia 2 ya salio kila unapoingia sokoni, ukapigwa mara 10 mfululizo, katika kila 100 unabaki na kama 82. Ukihatarisha asilimia 20, unabaki na 11 hivi, na wa 11 lazima azizidishe mara tisa ndipo arudi alipoanzia. Hapo mtu hafanyi tena biashara, anaomba dua.

Ninachotaka ni daftari. Miezi mitatu, kwenye akaunti ya mazoezi. Kabla hujabonyeza, andika kwa nini unaingia, loti ngapi, yaani ukubwa wa dau lako, na unatokea wapi bei ikikugeuka. Ukishatoka, andika kama ulifuata ulichoandika au hukufuata. Faida usinihesabie.

Ila siku utakayopata faida kwa kuvunja sharti lako, ipigie mstari mwekundu. Mwaka mmoja kabla ya yale mahindi, nililivunja sharti lilelile na bei ikapanda. Nilichinja mbuzi.

Daftari uje nalo Idi. Na mama yako anakumbushia dawa ya kuchua.

Baba yako