Si kila "bank" ni benki

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na wanaotafsiri habari za nje kuhusu neno la Kiingereza "bank". Wengi wakiliona tu huandika "benki", na hapo habari huharibika.

Kamusi kubwa za Kiingereza huliingiza mara tatu, kila moja kwa namba yake. La kwanza ni ukingo wa mto, lenye asili ya Skandinavia. La pili ni benki ya fedha, lililotoka kwa Waitaliano: "banca" ilikuwa meza ya mbadilishaji fedha. La tatu ni safu, kama ya taa au swichi; hili limetokana na benchi la wapiga makasia. Ukichimba zaidi, yote yanakutana kwenye shina moja la lugha iliyozaa Kijerumani na Kiingereza. Mjerumani hadi leo husema "Bank" kwa benchi na kwa benki pia, akavitenganisha kwenye wingi tu: "Bänke" ni mabenchi, "Banken" ni benki. Kumbe benki na benchi zetu ni ndugu.

Kabla ya kutafsiri, tazama neno limekaa na nani. Likiwa na mto, ni ukingo. Ndiyo maana Ukingo wa Magharibi (wa Mto Yordani) tunauandika sawasawa. Likiwa na mchanga baharini, Kiswahili kina neno lake la mabaharia: fungu. Likiwa kitenzi cha ndege, ndege imelala upande ili ikate kona, maana iliyozaliwa na mteremko wa ukingo. Likifuatwa na "on", mara nyingi ni kutegemea, lakini likitanguliwa na "the" si kitenzi tena: tazama kama ni ukingo au benki.

Linalotuudhi zaidi ni "mto umevunja kingo zake". Hakuna kilichovunjika, maji yamepanda yakapita juu. Mto umefurika, basi.

"Benki ya damu" iacheni ilivyo. Daktari Bernard Fantus aliipa huduma hiyo jina hilo Chicago mwaka 1937 kwa kuwa damu huwekwa akiba na kutolewa kama fedha, na mfano huo unaeleweka kwetu pia.

Lakini "bank holiday" ya Uingereza si likizo ya benki. Sheria ya mwaka 1871 ilianza na kufunga mabenki, kisha siku hizo zikawa mapumziko ya watu wote. Andikeni "sikukuu ya kitaifa", msomaji asije akadhani ni makarani wa benki peke yao waliobaki nyumbani.

Wafasiri, wasomaji wenu