Barua ya Malalamiko: Kuchakaa Mapema kwa Vipuri vya Bastola ya .22 LR

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Utengenezaji wa Bastola.

Ndugu Meneja,

YAH: PINI YA KUFYATULIA NA KULABU YA KUTOLEA MAGANDA KUCHAKAA NDANI YA KIPINDI CHA DHAMANA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mlenga shabaha mwenye leseni na mmiliki halali wa bastola ya kampuni yenu inayotumia risasi za .22 LR (risasi ndogo zenye kipenyo cha takriban inchi 0.22), niliyoinunua ikiwa mpya na ambayo dhamana yake haijaisha. Naandika kupinga uamuzi wenu kwamba hali ya vipuri hivi viwili ni “uchakavu wa kawaida wa matumizi”, na kuomba bastola yenyewe ichunguzwe na fundi, kwa kuwa uamuzi huo ulitolewa bila mtu yeyote wa kwenu kuishika.

Tatizo lilianza kwa risasi kukataa kulipuka. Risasi ya aina hii haina kiwashio katikati ya kitako. Baruti ya kuwashia imo ndani ya ukingo wake, na pini sharti iubane ukingo huo kwenye mdomo wa chemba (tundu la nyuma ya mtutu linaloishika risasi) kwa nguvu ya kutosha. Natambua kwamba risasi moja moja hukataa kwa sababu baruti hiyo haikuenea sawasawa, na ndiyo maana sikuwaandikia mapema. Badala yake nilizikagua risasi zilizokataa, za watengenezaji mbalimbali, nikazilinganisha na maganda niliyoyahifadhi tangu bastola ikiwa mpya. Alama za zamani ni za kina na pembe zake ziko wazi, ilhali za sasa ni hafifu na zimeviringika, na risasi za maboksi yaleyale zinalipuka bila shida katika bastola nyingine. Pini ilipotolewa, ncha yake ilionekana imebonyea na kutanuka pembeni.

Mnadai kwamba nimekuwa nikiifyatua bastola ikiwa tupu. Dai hilo lingekuwa na uzito kama mdomo wa chemba ungekuwa na kovu, kwa sababu pini ya bastola ya namna hii, ikifikia kugonga chuma kwa kukosa risasi mbele yake, huacha alama mahali inapogonga. Picha nilizowatumia zinaonyesha mdomo huo ukiwa safi kabisa. Mazoezi ya kufyatua bila risasi ninayafanya kwa risasi bandia za plastiki, kama kitabu chenu cha maelekezo kinavyoagiza, jambo nililolieleza tangu barua ya kwanza na ambalo jibu lenu halikuligusa.

Kuhusu kulabu, mmesema uchafu ndio ulioilemea. Ni kweli kwamba risasi za .22 huacha masizi mengi, pamoja na mabaki ya nta na ya madini laini ya risasi, lakini hiyo ni tabia yake inayojulikana na kila fundi, na mtengenezaji anatarajiwa kuunda kulabu inayoihimili. Bastola husafishwa kila baada ya mazoezi. Isitoshe, masizi yangeikwamisha kulabu, yasingeilainisha makali hadi ikashindwa kuushika ukingo wa ganda. Jambo hili si usumbufu tu: ganda likibaki ndani ya chemba huku risasi inayofuata ikisukumwa nyuma yake, mtumiaji analazimika kuondoa mkwamo huo akiwa na risasi hai mbele ya mikono yake.

Linalonitia shaka zaidi ni kwamba kulabu mpya mliyonitumia nayo imelika vilevile, mahali palepale, nikiwa natumia risasi za mwendo wa kawaida tu, zenye uzito wa gramu 2.6 hivi na kasi ya takriban mita 330 kwa sekunde, ingawa kitabu chenu kinaruhusu hata zile za kasi zaidi. Kwa maoni yangu, hitilafu iko katika ugumu wa chuma au namna kilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani. Mtutu sina lawama nao, na usahihi wake bado ni mzuri mno. Ndiyo sababu naona haifai bastola kama hii iangushwe na vipuri vidogo.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo: mpime ugumu wa pini na kulabu zote mbili za zamani, ambazo ninazo, mkague springi ya kurudisha slaidi (kipande cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapolipuka), kwa kuwa katika bastola ya namna hii uzito wa slaidi na springi hiyo ndivyo hasa vinavyoizuia isirudi kwa kishindo, mbadilishe vipuri husika kwa gharama yenu, na kama vya toleo hilo vyote vina kasoro, mnipe vya toleo jingine, na gharama za kuisafirisha bastola kisheria kwenda na kurudi mzibebe ninyi.

Nimeacha kuitumia bastola hii hadi itakapotengenezwa. Natarajia jibu la maandishi, lenye matokeo ya vipimo hivyo, ndani ya siku 30 tangu mpokee barua hii. Nimeambatanisha nakala ya risiti, cheti cha dhamana, picha za vipuri na za chemba, pamoja na barua zetu zote zilizotangulia.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu