Barua kwa wanangu mnaotafuta pa kusomea historia ya sanaa

Wanangu,

Barua zenu nimezipata, na karibu zote zinauliza jambo lile lile: chuo kipi ni bora kwa shahada ya uzamili ya historia ya sanaa? Mmoja wenu ameniletea hadi jedwali, vyuo kumi na viwili, kila kimoja na alama zake kulingana na sifa zake duniani. Limepangwa vizuri kweli. Nimelipitia mara mbili nikitafuta safu ya jina la mtu atakayeisoma tasnifu yako, sikuiona.

Mimi mwenyewe nilikwenda kwa kufuata jina. Nilikuwa nimesoma vitabu viwili vya mwalimu mmoja bingwa wa picha za chapa, nikajiona tayari nimeketi mbele yake. Nilipofika nikaenda moja kwa moja hadi mlangoni pake, nikakuta karatasi imebandikwa: yuko likizo ya utafiti hadi mwaka ujao. Kozi yangu ilikuwa ya mwaka mmoja. Nikapewa msimamizi mwingine, mtu mwema, mtaalamu wa usanifu majengo, ambaye alinisahihishia nukta na mikato kwa uaminifu mkubwa. Barua ya mistari miwili ingeniokoa: mwaka kesho utakuwepo, na unapokea wanafunzi? Niliona haya kuuliza. Nyinyi ulizeni. Mwalimu asiyejibu swali hilo kabla hujalipa ada, usitegemee atajibu ukishalipa.

Baada ya mwalimu, uliza utatazama nini. Fani hii ina hatari ya kusomwa yote kwenye skrini, na picha ya skrini haina mgongo. Siku ya kwanza nilipoingia ghala la makumbusho, mtunzaji aligeuza mchoro wa mafuta ukaangalia ukutani. Nyuma palikuwa na lebo mbili za mnada, namba iliyoandikwa kwa chaki, misumari ya aina mbili na ukanda wa turubai mpya ulioshonewa chini. Kwa dakika arobaini hatukuugeuza. Tulijua umepita mikono mingapi, na kwamba umewahi kukatwa, kabla hatujajua ulichorwa nini. Jambo hilo jedwali haliwezi kulipatia alama.

Kwa hiyo angalieni vyuo vilivyo ubavuni mwa mikusanyo. Williamstown, huko Massachusetts, Marekani, ni mji mdogo usio na mengi, lakini programu ya Williams College iliyoanza 1972 inaendeshwa pamoja na Clark Art Institute, yenye makumbusho na maktaba yake. Anayependa sanaa za Afrika, Oseania au Amerika ya kale asome habari za kitengo cha utafiti cha Sainsbury, Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, kilichoanzishwa 1988 jirani kabisa na mkusanyo wa sanaa hizo. Na anayependa jinsi picha zinavyosafiri katika mawazo ya watu asiipite taasisi ya Warburg, London. Maktaba yake ilihamishwa kutoka Hamburg mwaka 1933 kuwakimbia Wanazi, na hadi leo vitabu hupangwa kwa ujirani wa mada, ili unapofuata kimoja ukutane na usichokitafuta. Nimepoteza alasiri nyingi humo, na sijutii hata moja.

Muda nao una mtego wake. Taasisi ya sanaa ya Courtauld, pia London, uzamili wao ni miezi tisa, na ni mafunzo makali kweli. Lakini piga hesabu. Unaanza karibu na Oktoba, na maombi ya uzamivu Marekani mengi hufungwa Desemba au mwanzoni mwa Januari. Maana yake unamwomba mwalimu barua ya mapendekezo wakati hajamaliza kusahihisha insha yako ya kwanza. Ataandika nini? Kwamba unawahi darasani. Mwenye nia ya kufika uzamivu ama achukue kozi ya miaka miwili, ama akubali kukaa mwaka mmoja katikati. Uholanzi wamelitenga jambo hili wazi: kuna uzamili wa mwaka mmoja, na kuna uzamili wa utafiti wa miaka miwili. Marekani, isitoshe, programu nyingi za uzamivu huchukua watu wenye shahada ya kwanza tu na kuwapa ufadhili, uzamili wakaupata njiani. Watakaoweza kuingia kwa mlango huo wasikimbilie kulipia ule wa pembeni.

Fedha sitazizungushia maneno. Ufadhili wa uzamili katika fani yetu ni haba, na kazi za makumbusho hazilipi mikopo mikubwa upesi. Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada ya masomo, isipokuwa kwa mfano jimbo la Baden-Württemberg, ambalo tangu 2017 huwatoza wageni wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Bei yake nyingine ni lugha, maana masomo mengi ni kwa Kijerumani. Lakini lugha utaidaiwa popote. Kusoma Renesansi, ile sanaa ya Italia ya karne ya 15 na 16, bila Kiitaliano ni kuagiza watu wakuchungulie dirishani kisha wakusimulie. Anzeni sasa, kabla ya maombi.

Mwisho, tafuteni wanafunzi wawili waliomaliza mwaka jana, si wale waliowekwa kwenye kijitabu cha chuo. Waulizeni wako wapi leo, na insha zao zilirudishwa baada ya wiki ngapi.

Wewe mwenye jedwali, lirudishe kwangu ukiwa umefuta alama zote na kuandika mbele ya kila chuo jina la mwalimu mmoja na kitu kimoja utakachokwenda kukitazama. Pasipojazika, futa mstari mzima. Nadhani vitabaki vinne. Barua za maombi nitazisoma zote, ila zinifikie kabla ya Novemba, na kwa herufi kubwa, macho yangu si yale ya zamani.

Mwalimu wenu mstaafu