Kaka, jibu lilikuwa kwenye ile dripu

Kaka, simu hupokei, meseji unasoma afu unanyamaza, basi naandika hapa kwasababu najua kuna mtu atakutumia tu.

Mdogo wetu ugonjwa wake umejulikana. Unaitwa ugonjwa wa Addison, dokta Thomas Addison aliuelezea tangu 1855 kule London, kwahiyo si kitu kilichobuniwa jana ili akwepe kazi. Kuna tezi mbili zinakaa juu ya figo, zake zimeshambuliwa na kinga ya mwili wake mwenyewe (wengine huharibiwa na TB), hazitoi tena kotisoli (homoni inayousaidia mwili kuhimili ugonjwa) wala ile homoni nyingine inayozuia chumvi isipotelee kwenye mkojo. Bila hizo mtu anakonda, anatapika, anachoka hata kuoga ni shughuli, presha inashuka akisimama tu. Miaka yote ile Kaka. Vidonda vya tumbo, stresi, upungufu wa damu, kila mtu alikuwa na jina lake.

Mimi siku ile ya sebuleni haijanitoka. Alikuwa katoka hospitali, wamemuwekea dripu ya maji ya chumvi, karudi anatembea mwenyewe na anacheka, na wewe ukasimama mbele ya shangazi na wajomba ukasema "maji na chumvi tu yamemponya, huo ni ugonjwa gani, huyu anatuchezea akili". Yeye kakaa pale pale anasikia. Alivyonyanyuka kwenda chumbani akashika ukuta, ukaongeza "mnaona maigizo hayo". Ulimsikia mtu yeyote akicheka? Mimi nilisikia, na nawajua.

Sasa huyu dokta hakuanza na kipimo kipya. Aliomba majibu yote ya zamani, akayapanga mezani kwa tarehe, akakaa kimya anasoma, afu akauliza kwanini huyu kila akiwekewa dripu anapata nafuu halafu anarudi vilevile. Swali lako lile lile Kaka! Ila yeye aliuliza akitaka kujua. Na kwenye yale makaratasi sodiamu, yaani chumvi ya kwenye damu, ilikuwa chini, potasiamu juu, mara zote, sema kila hospitali ilikuwa inaona karatasi yake tu, inamrudishia maji na chumvi vilivyopotea, inamruhusu.

Akampima presha amelala, akampima tena amesimama, ikaporomoka. Akaniambia na mimi nilaze kiganja changu pembeni ya chake. Mistari ya kiganja chake ilikuwa myeusi kuliko yangu, na fizi zina mabaka meusi. Ubongo ukikosa kotisoli unamwaga homoni nyingi ya kuziamsha zile tezi, na homoni hiyo ikizidi ndo inaitia ngozi weusi. Kwa ngozi kama zetu ni rahisi mtu kusema kaungua jua, ndo maana dokta akaenda kuangalia mdomoni na kwenye makovu. Mwisho akamuuliza, unapenda chumvi? Mdogo wetu akaniangalia mimi kwanza kabla hajajibu. Alivyogombezwa kwa kulamba chumvi unajua mwenyewe.

Baada ya hapo ni vipimo vya kuthibitisha. Damu asubuhi, manake asubuhi ndo kotisoli inatakiwa iwe juu, yake ilikuwa chini kabisa, afu sindano ya kuzistua tezi na damu tena baada ya dakika 30 na 60, tezi hazikushtuka. Sasa anakunywa haidrokotisoni na fludrokotisoni, dawa za kuziba pengo la zile homoni mbili, kila siku, na ni za maisha. Amenenepa, ungemuona.

Hizo dawa asiziache ghafla hata siku moja. Akipata homa dozi ya haidrokotisoni inaongezwa kama dokta alivyomwandikia, akitapika asiweze kumeza anachomwa sindano ya haidrokotisoni na kukimbizwa hospitali, hapo hakuna kusema tusubiri kukuche, anaweza kufa. Na asiogope kusema anajisikia vibaya. Ndo maana mimi nilitoka kwenye grupu la familia, ndo maana alipolazwa sikukupigia, ningekupigia uje useme nini pale kitandani? Mtu akiitwa muongo kila akiumwa anaacha kusema, na ugonjwa huu ukinyamaziwa unaua. Mnasema nimeigawa familia. Nilikuwa namlinda, na ningefanya hivyo hivyo tena.

Lakini wewe ndo ulimbeba mgongoni kipindi kile mguu umevunjika, kwenda na kurudi, hukumuachia mtu mwingine. Hilo nalo nalikumbuka, ndo linaloniuma.

Yeye hana kinyongo na wewe, kitu ambacho mimi sikielewi, na likizo anataka kuja kukaa kwako. Basi jifunze ile sindano kabla hajafika, inachomwa kwenye msuli wa paja, ikiwa dharura hata juu ya nguo. Na yale maneno ya sebuleni ukayafute mwenyewe, mbele ya wale wale waliokusikia.