Dhahabu za Tokyo na viwanja vya wasichana wa Mombasa

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni yangu kuhusu matokeo ya timu ya Kenya katika Mashindano ya Dunia ya Riadha yaliyofanyika Tokyo, Septemba 2025. Kwamba tulirudi na medali 11, saba zikiwa za dhahabu, tukawa wa pili nyuma ya Marekani, limeandikwa sana. Lililotajwa kwa haraka mno, nami naliona ndilo kubwa, ni kwamba dhahabu 6 kati ya hizo 7 zililetwa na wanawake, walioshinda mbio zote kuanzia mita 800 hadi marathoni, zikiwemo za kuruka viunzi na maji. Beatrice Chebet peke yake alitwaa mbili. Peres Jepchirchir alimpita Tigst Assefa wa Ethiopia kwa sekunde 2 tu baada ya kilomita 42.

Lakini aliyenigusa zaidi ni Lilian Odira, mama wa watoto wawili. Mchana ule wa Jumapili tulijazana mbele ya televisheni mkahawani hapa Majengo, naye katika hatua za mwisho za mita 800 akawapita Waingereza wawili, akamaliza kwa dakika 1 na sekunde 54.62 na kuivunja rekodi ya mashindano iliyodumu tangu 1983. Binti wa jirani yangu alikuwa amesimama, glasi ya sharubati mkononi, na hakuinywa mpaka barafu ikayeyuka yote.

Binti huyo hukimbia alfajiri kando ya bahari, eneo la Mama Ngina, kwa raba zilizotoboka vidoleni, na umbali huupima kwa kuhesabu nguzo za taa, kwa kuwa uwanja wa shule yake umejengwa madarasa.

Mji huu si mgeni wa riadha. Machi 24, 2007 tuliandaa Mbio za Nyika za Dunia katika uwanja wa gofu, siku ambayo jua na unyevu vilimfanya hata Kenenisa Bekele, bingwa wa Ethiopia, ajitoe. Linet Masai alishinda mbio za wasichana chipukizi hapa hapa, na mwaka 2009 akawa bingwa wa dunia wa mita 10,000 kule Berlin.

Sidai kwamba Mombasa ni sawa na Iten, mji wanakofanyia mazoezi wakimbiaji wetu, ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo, mita 100, kuruka mbali na kurusha mkuki havihitaji milima, na katika mbio fupi, kuruka na kutupa hatukupata hata medali moja Tokyo. Naiomba serikali ya kaunti, pamoja na wasimamizi wa riadha, watutengee angalau uwanja mmoja uliopimwa, wenye shimo la mchanga la kurukia na mkufunzi wa kike, nao uwe wazi kwa wasichana kabla ya jua kuwa kali.

Mwalimu mstaafu,
Majengo, Mombasa