Ndege wahamaji wa Bahi nao waandikwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo baadhi ya wasomaji huenda wakaliona dogo. Kila mwaka kuanzia Oktoba, watazamaji wa ndege wa Dar es Salaam, Bagamoyo na Mafia hupashana habari za ndege wageni wanaotua pwani: leo vitwitwi waliozaliwa Siberia wameonekana maji yalipokupwa, kesho yule ndege mweupe wa mgongo mweusi na mdomo mnene, mla kaa, anayezaliana katika pwani za Uarabuni. Habari hizo nazifurahia. Kinachonisikitisha ni kwamba huku Dodoma wageni hupita kila msimu, lakini kwa kuwa hakuna anayewaandika, ni kama hawakuja.

Januari nilikwenda Bahi kumtembelea shemeji yangu anayelima mpunga. Asubuhi moja, tukiwa juu ya tuta la jaruba, tuliwaona korongo weupe wa Ulaya, wenye midomo na miguu myekundu na mabawa meusi upande wa nyuma, wakitembea taratibu na kuokota viwavi kwenye majani. Mmoja alikuwa na pete nyeusi ya plastiki mguuni, yenye herufi na tarakimu, ambayo watafiti humvisha ndege ili atambulike kokote aendako. Shemeji alizisoma kwa macho matupu, kwani korongo hao hawamwogopi sana mtu aliyeinama na jembe, akazichora kwa kijiti kwenye tope ili nizinakili. Nilipozipeleka katika ofisi moja niliyodhani inahusika, niliulizwa kama ndege huyo amekufa. Nilipojibu kwamba yu hai, daftari likafungwa.

Mwaka 1822, karibu na Klütz nchini Ujerumani, alipigwa risasi korongo wa aina hiyohiyo aliyekuwa na mkuki wa Kiafrika uliompenya shingoni, na hadi leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Kabla ya hapo wasomi wa huko walibishana ndege wao huenda wapi wakati wa baridi, na wapo waliodhani mbayuwayu hujizika katika tope la maziwa. Jibu lililetwa na mwindaji wa Afrika ambaye jina lake halikuandikwa popote. (Sipendekezi turudie mikuki.)

Ninaloomba ni kwamba gazeti hili litenge safu fupi, kuanzia Novemba hadi Aprili, ambamo mtu yeyote wa Bahi, Hombolo, Mtera au Singida atatuma tarehe, mahali, idadi na sura ya ndege aliyemwona, hata kama jina analolijua ni la Kigogo pekee. Kinamasi cha Bahi hujaa na kukauka kwa kufuata mvua. Mtaalamu anayekuja siku moja ya Septemba atakuta vumbi na ng'ombe, aondoke akiamini hakuna kitu. Anayejua kozi wadogo wanaovuka Bahari ya Hindi kutoka India wamefika lini, wakifuatana na kumbikumbi wa mvua za kwanza, ni mkulima na mvuvi. Tahadhari ni moja: miti wanakolala makundi isitajwe, kwa sababu wategaji nao husoma magazeti.

Namba za pete ile bado ninazo, nami nitazituma siku safu hiyo itakapofunguliwa.

Msomaji wenu,
Ipagala, Dodoma